Kabla Hujanunua Kirikuu ya Kubebea Oda Zako, Soma Hapa

Somo la leo ni refu kidogo, tafuta chai ukae.

Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza makapeti na mapazia mtandaoni aliniandikia: "Kaka habari, nina milioni saba na nusu. Ninunue kirikuu niwe nafanya delivari mwenyewe, au niongeze mzigo?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Mimi nilipouliza swali hilo hilo nilijibiwa kwa mstari mmoja, "nunua tu, gari ni mali", na mstari ule ulinitoa zaidi ya milioni moja ndani ya mwezi wa pili. Kwa hiyo namjibu yeye na nyie wote kwa pamoja.

Kwa wageni: nauza makabati, shelfu za viatu, stendi za TV na magodoro. Duka liko Tabata, ila wateja wengi nawapata Instagram na kwenye status za WhatsApp. Nimeishia kidato cha nne na mambo ya magari sikusomea popote. Ninayoyajua nimeyapata kwa mafundi, kwa kuuliza, na mengine kwa kulipa.

KIRIKUU NI GARI GANI HASA?

Hapa Bongo tukisema kirikuu tunamaanisha zile pikapu ndogo za Kijapani, na nyingi ni Suzuki Carry. Ndugu zake wapo pia: Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar, Mitsubishi Minicab. Ukiziona zinafanana usishangae. Japani wana daraja maalum la magari madogo wanaliita kei, na sheria yao ndiyo imezichora zote: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350.

Hiyo kilo 350 iandike mahali. Mimi nilinunua gari, nikaiendesha wiki saba, ndo nikaja kuijua.

HESABU KWANZA, GARI BAADAYE

Kosa langu la kwanza nililifanya hata kabla sijaiona gari: sikuhesabu safari. Nilikuwa nakodi kirikuu za watu, kila nikilipa naumia, nikawa najiambia hii hela ningekuwa nailipa kwangu. Nilikuwa na milioni 4 za akiba. Mama akanikopea milioni 3.2 kwenye kikoba chao, kwa jina lake. Gari nikaichukua kwa milioni 7.2.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye, usiku, nikiwa na daftari na hasira. Mwezi wa mwisho kabla sijanunua nilikodi kirikuu mara 11, kwa wastani wa 35,000. Jumla 385,000. Vitu vidogo vilikuwa vinaenda na bodaboda na mpaka leo vinaenda na bodaboda, hivyo havimo humu.

Sasa gari yangu mwenyewe kwa safari hizo hizo 11. Nikichanganya kwenda na kurudi, Tabata mpaka kwa mteja na wakati mwingine kupitia Kariakoo, ni kama kilomita 600 kwa mwezi. Kwenye foleni za Dar na mzigo juu, yangu inakwenda kilomita 12 kwa lita. Hiyo ni lita 50, na mimi nilipiga petroli 3,000 kwa lita (EWURA wanabadilisha bei kila mwezi, weka ya kwako), jumla 150,000. Oili na filta nagawa kwa mwezi, 20,000. Bima ndogo nikigawa kwa 12, kama 12,000. Tairi, 20,000. Akiba ya fundi, 80,000, na hii usiikwepe kwa gari iliyotumika. Maegesho na kuosha, 20,000. Hapo tumefika 302,000.

Bado kuna kitu wengi hatukiandiki: gari inashuka bei huku umelala. Ya kwangu nikiiuza baada ya miaka mitatu kwa milioni 5.4 nitakuwa nimepoteza milioni 1.8, yaani 50,000 kila mwezi. Jumla kuu 352,000.

385,000 toa 352,000 ni 33,000. Nilitoa milioni 7.2 na kumwingiza mama kwenye deni ili niokoe elfu thelathini na tatu kwa mwezi, halafu nikawa dereva bila mshahara, na duka naliacha na mdogo wangu ambaye wateja wa inboksi anawajibu baada ya saa tatu.

Leo nafanya safari 24 kwa mwezi na hesabu imegeuka. Petroli 300,000, oili 40,000, tairi 40,000, fundi 130,000, bima 12,000, maegesho na kuosha 20,000, kushuka bei 50,000. Jumla 592,000. Kukodi mara 24 ingekuwa 840,000. Hapo nabaki na 248,000 na naona maana ya gari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi, rudi kwenye meseji zako za mwezi uliopita, hesabu safari ambazo ULIKODI GARI KWELI. Kwa bei za kwangu, chini ya safari 10 endelea kukodi na hiyo hela iongeze kwenye mzigo. Kati ya 10 na 15 ni vuta nikuvute. Ukivuka hapo ndo tuendelee na somo. Na usiseme delivari analipa mteja kwa hiyo haikuhusu. Mteja akiona delivari 35,000 kwenye kabati la 120,000, anaondoka na hela yake yote.

SIKU YA KUKAGUA

Mimi nilienda kuiona saa kumi jioni. Muuzaji akanipokea vizuri, gari iko inaunguruma, "nimeipasha moto kidogo uisikie". Dalali pembeni anasema kuna mtu mwingine anakuja na hela saa kumi na moja. Nikaona bahati imenishukia. Kumbe injini iliyokwisha kuwaka inaficha karibu kila kitu unachotakiwa kukiona.

Mwambie muuzaji kabisa kwenye simu: nakuja asubuhi, usiiwashe. Ukifika shika bomba la moshi. Likiwa la moto, mtu ameshaiamsha, na wewe uliza kwa nini. Likiwa la baridi, anza hivi.

Kwa Carry injini iko chini ya kiti, hivyo kiti kinafunuliwa. (Sambar injini iko nyuma kabisa, Acty iko chini ya bodi, mwambie muuzaji akuonyeshe.) Fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa ndani. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, inawezekana maji yanaingia kwenye oili, na hiyo ndiyo dalili ya gasketi ya silinda hedi. Halafu fungua rejeta ingali baridi. Unataka kuona kulanti yenye rangi yake, ya kijani au nyekundu au bluu, ikiwa imejaa. Ukikuta maji ya kawaida yenye rangi ya kutu, ujue mwenye gari alikuwa anaongeza maji ya bomba, na kama alikuwa anaongeza basi yalikuwa yanaondoka. Yangu ilikuwa ya kutu. Niliona kabisa kwa macho yangu nikadhani ni kawaida ya gari ya zamani.

Sasa iwashe. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaopotea ni mvuke tu. Moshi mweupe usiokata, au mapovu yanayopanda kwenye rejeta injini ikiunguruma, funga mazungumzo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Acha iungurume dakika 20 ukiwa unapiga stori, jicho kwenye geji ya joto. Ikifika kati ikatulia hapo ni vizuri. Ikiwa haipandi kabisa hata baada ya kuendeshwa, yawezekana fundi aliing'oa themostati. Mafundi wetu wanapenda sana kuing'oa gari ikichemsha. Tatizo linakuwa limefichwa na chanzo kiko pale pale.

Kuhusu injini, jifunze mbili tu. Carry nyingi za miaka ya 1990 zina F6A, ambayo ina mkanda wa taimingi. Kama muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini, weka kwenye bajeti yako uubadilishe. Carry za DA63T, zilizoanza 2002, zina K6A yenye cheni, haina habari ya mkanda. Lakini K6A ni ya aluminiamu yote, na aluminiamu haipendi kuchemka hata mara moja. Hilo nitalirudia chini.

Ingia chini ya gari. Vaa nguo mbaya, beba tochi, lala. Magari haya mengine yametoka mikoa ya Japani yenye theluji, kama Hokkaido, na kule barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi inakula chesesi. Gonga kwa bisibisi pale springi zinaposhikia na chini ya bodi. Kutu ya juu juu unaisugua na kupaka rangi. Ikiwa inamomonyoka kama biskuti, ondoka, rangi ya juu hata ing'ae vipi.

Mwisho iendeshe, na uiendeshe kwenye kilima. Gari tupu kwenye tambarare haitakuambia kitu. Omba mbebe hata watu wazima wawili, wewe na fundi wako, na mfuko mmoja wa saruji nyuma. Fundi awe wako, asiwe wa dalali. Mimi nilitumia wa dalali kwa sababu alikuwa pale pale na alisema elfu ishirini tu.

Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee sana, zinarudishwa. Angalia pedali ya klachi na usukani. Gari ya kilomita 60,000 haiwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma.

Na jambo moja linalowachanganya wengi: ile herufi ya namba. Watu wanasema "hii ni namba E, bado mpya". Herufi inakuambia imesajiliwa lini Tanzania. Gari ya mwaka 2003 inaweza kuwa na namba mpya kuliko ya mwaka 2010. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi.

KARATASI

Hapa nitapita haraka ila usipite haraka wewe. Kadi iwe ORIJINO mkononi, sio kopi. Watu wanaweka kadi dhamana ya mkopo, halafu wanauza gari kwa kopi. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi, tarakimu moja moja. Angalia faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, deni la maegesho la TARURA, na bima kwenye mfumo wa TIRA. Dakika kumi kwenye simu. Deni linakaa kwenye namba ya gari, likija linakukuta wewe. Mkataba mwandikishiane kwa wakili, hela ipite benki, na uhamishe umiliki TRA mapema. Usikae na gari ya jina la mtu.

Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, hivyo mtu akikuambia gari "ina deni la road license" la mwaka jana muulize vizuri anamaanisha nini. Na kama unapanga kubebea watu wengine mizigo kwa malipo siku huna oda, hiyo tayari ni biashara ya usafirishaji, nenda LATRA ukachukue leseni yao. Namba za njano ni za gari binafsi, za biashara ni nyeupe.

Ukitoka Kariakoo na mzigo, risiti ya EFD iwe ndani ya gari. Ukikodi, hilo ulikuwa unamwachia dereva. Sasa dereva ni wewe.

KILO 350 NI NGAPI?

Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko saba, basi. Najua umeona kirikuu ina mifuko 15. Mimi pia nimeona, na nimeshawahi kuwa huyo. Zile 350 hazihesabu watu wawili wa kabini, Wajapani wamewahesabu pembeni. Gari yenyewe tupu ina kama kilo 700. Ukiipa 700 nyingine umeibebesha uzito wake wote, kwa injini ya cc 660 na breki zilizotengenezwa kusimamisha nusu ya hizo.

Bodi ni karibu mita 1.9 kwa urefu na mita 1.4 kwa upana. Kwa sisi wa magodoro: 4 kwa 6 inalala vizuri ndani. 5 kwa 6 upana wake ni kama sentimita 152, haiingii chini, inabidi ikae juu ya kuta za bodi au isimame. 6 kwa 6 usiiweke wima bila kufunga kamba mbele na nyuma, upepo unaishika kama tanga la mashua na gari yenyewe ni nyepesi.

Sasa niwape habari ya Goba.

Wiki ya saba ya gari, nilipata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Dada anafungua saluni Goba, ufunguzi Jumamosi, kalipa yote Alhamisi. Makabati sita ya mbao, vioo vitatu vikubwa, viti vinne vya kusubiria. Nikapakia vyote Ijumaa jioni kwa safari moja ili kuokoa mafuta. Na vijana wawili wa kushusha nikawaweka nyuma juu ya mzigo, jambo ambalo ni kosa kisheria na la hatari, siwezi kulipamba.

Baadaye nilipiga hesabu. Makabati kilo 45 kila moja, 270. Vioo 60. Viti 60. Vijana 130. Jumla kilo 520. Nilizidisha 170.

Mnaoijua Goba mnajua vile vilima. Cha kwanza tulipanda kwa gia ya pili. Cha pili geji ikaanza kupanda, nikaiona, nikasema tukifika juu nitapumzika. Hapo ndo niliiua. Mshale ulipofika juu injini ikakosa nguvu, ikazima. Nikashuka na haraka zangu, nikafunua, nikafungua kifuniko cha rejeta. Mvuke ukaruka ukanichoma mkono wa kulia kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Na kwa sababu nilikuwa nimepagawa, nikachukua dumu la maji ya baridi nikamimina juu ya injini ya moto.

Fundi aliyekuja kesho yake, mzee mmoja mtaratibu, alinisikiliza akasema, "Mdogo wangu, kuchemsha kuliipinda kidogo. Hayo maji yako ndo yamemaliza." Silinda hedi ilikuwa imepinda, gasketi imekwenda, rejeta imeziba nusu kwa kutu. Themostati haikuwepo.

Bili: 780,000. Usiku ule nilikodi kenta kwa 70,000 kumalizia mzigo wa yule dada, tukashusha saa sita usiku nikiwa na mkono umefungwa khanga. Saluni ikafunguliwa. Siku tisa gari iko gereji nikakodi mara tano, 175,000. Jumla 1,025,000. Ile faida yangu ya 33,000 kwa mwezi ingechukua miezi 31 kuirudisha.

Na tarehe 5 kikoba cha mama kinakaa. Niliuza magodoro manne kwa bei ya kununulia ili rejesho lipatikane. Nilipompigia mama kumweleza, hakuuliza gari. Aliuliza mkono.

GEJI IKIPANDA UFANYEJE

Zima redio, punguza mwendo, fungua hita iwe ya moto mpaka mwisho na feni yake juu. Utatoka jasho ila hita inatoa joto kwenye injini. Tafuta pembeni pa kusimama MAPEMA, geji ikiwa imepita kati tu, usingoje ifike juu. Simama, zima, weka pembe tatu, na usiguse kifuniko cha rejeta kwa nusu saa au zaidi. Ikipoa mpaka unaweza kuishika kwa mkono mtupu, fungua taratibu ukiwa na kitambaa kinene. Ongeza kulanti, au maji kama ndo yaliyopo, na usiondoke bila kujua yamekwenda wapi.

Kuna siri moja ya gari hizi. Rejeta iko mbele, injini iko chini yako, mabomba ni marefu, hewa inanasa humo. Ukijaza maji ukafunga haraka, geji itapanda tena kesho na utalaumu fundi. Jaza injini ikiwa baridi, hita ukiwa umeifungua, iwashe kifuniko kikiwa wazi, acha iungurume huku unaongeza taratibu mpaka mapovu yaishe. Ndo ufunge.

KUIENDESHA

Kirikuu tupu na kirikuu yenye mzigo ni magari mawili tofauti. Tupu, nyuma ni nyepesi, inarukaruka, na mvua ikinyesha ukikanyaga breki ghafla tairi za nyuma zinajifunga na mkia unakwenda pembeni. Nyingi za zamani hazina ABS. Yenye mzigo inachelewa kusimama. Mbele yako hakuna boneti ya maana, magoti yako yako karibu na bampa la mwenzako. Acha nafasi. Bodaboda watakuingilia kwenye hiyo nafasi, iache tena.

Vizito viweke mbele, vimeegemea kabini, vyepesi nyuma. Ukirundika vizito kwenye mkia, mbele panainuka na usukani unakuwa mwepesi, unageuza na gari inafikiria kwanza. Turubai liwepo hata kiangazi. Kabati la mteja likifika na vumbi la Mbagala yeye haoni vumbi, anaona limetumika.

Kama yako ina 4WD, itumie kwenye tope na mchanga tu, ukirudi lami kavu itoe. Ukiiacha, tairi za mbele na za nyuma zinavutana kwenye kona na kitakachokatika ni giaboksi au shafti zake.

Upepo wa tairi usome kwenye kibandiko cha mlangoni, sio kwa kidole gumba cha kijana wa pancha. Asubuhi kabla ya kuwasha: oili, kulanti, tairi, taa. Dakika tano. Oili mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na kulanti naweka kulanti.

SIKU ZA DELIVARI

Kilichoniokoa mimi kwa kweli ni ratiba kuliko gari yenyewe. Zamani mteja wa Bunju akilipa naondoka, nikirudi mwingine wa Tegeta amelipa, naondoka tena. Sasa Jumanne ni Mbagala na Kigamboni, Alhamisi Kimara, Mbezi na Goba, Jumamosi Mwenge mpaka Bunju. Ninamwambia mteja kabla hajalipa: delivari ya kwako ni Alhamisi, 12,000, ukitaka leo ni 35,000. Karibu wote wanasubiri Alhamisi. Gari inatoka na wateja watatu au wanne, na bei ya delivari ilivyoshuka oda zimeongezeka. Hivyo ndivyo nilivyofika safari 24.

Oda ikizidi kilo 350 naigawa mara mbili au nakodi kenta na kumwonyesha mteja bei yake mapema. Kwa saluni ya Goba safari mbili zingenila lita nne tano za ziada za petroli.

Deni la kikoba limebaki laki nne.

Sasa dada yangu wa makapeti. Nilimwomba ahesabu safari zake za mwezi uliopita kwenye meseji. Karudi na 7, na kati ya hizo tano zilikuwa kapeti moja moja ambazo bajaji inabeba. Nikamwambia akodi, aongeze mzigo, tuongee tena akifika 12. Akanishukuru sana. Jana usiku kanitumia picha ya kirikuu nyeupe, milioni 7, anaenda kuiona Jumamosi saa tisa alasiri.

Dada, najua unasoma. Nenda saa moja asubuhi.